Barua ya malalamiko: mtambo wa upepo mliotuuzia haukuwa na namna ya kuusimamisha

Eburru, Gilgil,
Kaunti ya Nakuru.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Nakuru.

Bwana Meneja,

MINT: MTAMBO WA UPEPO WA KILOWATI 1 NA DAMPU LODI ISIYOUTOSHA

Mlituuzia mtambo wa upepo wa wati 1,000 mkaufungia dampu lodi, yaani koili ya kuchomea umeme wa ziada betri zikijaa, ya wati 300. Hilo ndilo lalamiko langu, na kila hasara nitakayoitaja hapa chanzo chake ni hicho. Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za koili iliyoungua, picha ya panga lililovunjika na picha za mabati ya jikoni.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko wa Eburru, upande unaotazama Ziwa Elementaita. Laini ya stima haijatufikia, na paneli za sola peke yake hazikutosha friji ya maziwa, taa na pampu ya maji. Upepo tunao wa kutosha, na kijana wenu wa mauzo aliuona kwa macho yake. Alitusifia mitambo ya Ngong na ile 365 ya Ziwa Turkana, akasema huu wetu ni ndugu yao mdogo. Tulimwamini. Baadaye nimeelewa kwamba udugu huo haupo. Mitambo ile mikubwa hugeuza mapanga yake yenyewe ili upepo upite bila kuyasukuma, na juu ya hapo ina breki. Huu wetu hata mkia wake umechomelewa, haujikunji upepo ukizidi. Kitu pekee kinachouzuia kukimbia ovyo ni umeme wake kuwa na mahali pa kwenda.

Naomba hapa mnisome polepole, kwa sababu mhudumu wenu wa simu alinijibu kana kwamba yaliyotupata ni bahati mbaya tu. Jenereta ya sumaku inapotoa umeme unaotumika, sumaku zake hukinzana na koili zilizo ndani yake na mapanga hulemewa. Umeme ukikosa pa kwenda, ule uzito hutoweka papo hapo na mapanga huongeza mwendo bila kizuizi. Paneli ya sola ukiikata nyaya inakaa tu juani bila madhara. Mtambo wa upepo ukiukata nyaya katika upepo mkali umeuachilia kama lori linaloteremka Salgaa gia ikiwa huru. Kwa hiyo dampu lodi si kifaa cha kuongezea mteja akipenda. Betri zikishajaa, hiyo koili ya dampu lodi ndiyo breki ya mtambo mzima.

Sasa tazameni mliyotufungia. Koili imeandikwa wati 300, omu 2.9 (omu ni kipimo cha ukinzani; zikiwa chache, umeme mwingi zaidi hupita). Kontrola yenu, kifaa kinachosimamia kuchajiwa kwa betri, huanza kumwaga umeme wa ziada betri zinapofika volti 28.8. Kwa volti hizo koili ya omu 2.9 inakula ampea 10 hivi, yaani wati 286. Mtambo, kwa maandishi ya kitabu chenu, hutoa wati 1,000 upepo ukivuma mita 12 kwa sekunde. Zaidi ya wati 700 mlizipangia kwenda wapi? Ili kumeza wati 1,000 kwa volti hizo ingehitajika koili ya omu 0.8 hivi, yenye uwezo wa kubeba ampea 35 mfululizo bila kuungua. Hesabu hii fundi wa stima wa hapa Gilgil aliifanya akiwa amesimama, kwa kalamu, nyuma ya risiti yenu. Haiwezekani kampuni inayouza mitambo hii ikashindwa kuifanya.

Usiku wa tukio betri zetu nne zilikuwa zimejazwa na jua la mchana kutwa. Upepo ukaanza baada ya magharibi na ukazidi. Kontrola ilianza kupeleka umeme kwenye koili kama inavyotakiwa, na koili ikachukua kile kidogo ilichoweza. Uliosalia ukaingia kwenye betri zilizokwisha kujaa, tukazisikia zikichemka. Volti zikapanda. Zilipopita 31 inverta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumia nyumbani, ikajizima kwa usalama wake, nyumba ikawa giza, na ile friji na taa zilizokuwa zikipunguza umeme kidogo nazo zikatoka. Kisha tukanusa kitu kinachoungua. Koili ilikuwa imekatika. Kontrola nayo ikazitenga betri zisiharibike. Kila kifaa kwenye ubao ule kilijilinda chenyewe, na hakuna hata kimoja kilichoulinda mtambo wala watu waliolala chini yake.

Mume wangu alikimbilia swichi nyekundu ya breki kama alivyoonyeshwa na kijana wenu. Mlio wa mapanga ulishuka kidogo, halafu ukapanda tena juu kuliko mwanzo. Tukawatoa watoto na mama mkwe tukaelekea kwa jirani. Tukiwa bado njiani panga moja lilivunjika na kipande chake kikatoboa mabati ya jikoni. Mawili yaliyobaki, kwa kuwa hayakuwa na mizani tena, yaliutikisa mlingoti mpaka ukapinda. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Karibu na alfajiri upepo ulipolegea ndipo swichi ile ile, ambayo hakuna aliyeigusa tena, iliposhika na mtambo ukasimama.

Hilo la alfajiri lizingatieni sana, maana linaeleza kasoro ya pili. Swichi yenu haifanyi lingine ila kuunganisha nyaya tatu za jenereta pamoja, yaani kuzishoti. Njia hiyo ni nzuri ya kuufunga mtambo ambao tayari unakwenda polepole. Mtambo unaokimbia ni habari nyingine. Nguvu ya breki ya namna hiyo ina kikomo chake, na katika jenereta nyingi ikishapita mwendo fulani hupungua badala ya kuongezeka. Tena nishati yote inabidi igeuke joto ndani ya koili za jenereta yenyewe, huko juu ya mlingoti, badala ya kwenda kuchomwa chini kwenye rezista, yaani koili ya kuchoma umeme, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Fundi alipoifungua jenereta alikuta vanishi ya nyaya za shaba imeungua na kuwa nyeusi. Utaratibu salama ni kuulemeza kwanza mtambo kwa rezista kubwa mpaka mwendo ushuke, ndipo nyaya zishotiwe ili ubaki umefungwa. Ubao wenu hauna hatua ya kwanza. Na kitabu chenu hakisemi popote ni upepo wa kiasi gani ambao swichi ile haifai kutegemewa tena. Nimekisoma chote, pamoja na kurasa za mapambo.

Mhudumu wenu aliniambia kuwa breki ilijaribiwa siku ya kufunga mtambo na ilifanya kazi. Ni kweli ilijaribiwa mbele yetu, asubuhi tulivu. Nguvu iliyomo katika upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huwa mara nane. Mtambo unaotoa wati 1,000 kwa upepo wa mita 12 kwa sekunde, kwa mita 6 hutoa kama wati 125. Wati 125 hata koili yenu ndogo inazimeza bila shida, na hata swichi ya kushoti inazishinda. Mlijaribu breki dhidi ya sehemu isiyozidi moja ya nane ya kazi yake, mkatia sahihi fomu na kuondoka.

Kuna jambo la tatu ambalo halikusababisha ajali, lakini limeninyima usingizi kuliko hayo mawili. Koili ile mliifunga kwenye ubao wa mbao, juu ya betri moja kwa moja. Koili ya kumwagia umeme hufika joto la kuunguza mbao inapofanya kazi. Betri za asidi nazo zinapojaa na kuendelea kuchajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hupanda juu na ikishika moto hulipuka. Na koili huwaka wakati gani? Wakati betri zimejaa. Mmeweka moto juu ya gesi, na mmepanga viwili hivyo vitokee saa moja. Chumba hicho kimepakana ukuta na chumba cha watoto. Fundi wenu aliyechagua mahali hapo hakuuliza nani analala upande wa pili.

Jibu lenu kwa simu lilikuwa kwamba upepo ulipita kiasi, kwamba hiyo ni kazi ya Mungu, na kwamba waranti haihusiki. Mkaniuliza kama ningependa kununua seti mpya ya mapanga. Bwana Meneja, upepo ule haukung'oa mti wala bati hata moja kwa majirani. Betri kujaa mchana wa jua na upepo kuja usiku ni jambo la kawaida kabisa katika Bonde la Ufa, na ndilo jambo ambalo dampu lodi imetengenezewa. Kifaa kilichoshindwa na hali yake ya kawaida hakikushindwa na Mungu. Mhudumu huyo huyo alinishauri niwe naweka breki mapema kabla upepo haujazidi. Ushauri huo una maana kwamba kila usiku mtu mmoja nyumbani kwetu akeshe akisikiliza upepo. Siku mnauza hamkutuambia hivyo.

Ninayodai ni haya. Kwanza, mturudishie bei yote ya mtambo na ufungaji, au mtufungie mwingine ulio kamili. Nikisema kamili ninamaanisha koili zenye jumla ya uwezo unaozidi wati 1,000, zikiwa zimegawanywa katika njia mbili zinazojitegemea ili moja ikikatika nyingine ibaki ikiushika mtambo; zikiwa ndani ya wavu wa chuma kwenye ukuta wa mawe, mbali na betri, hewa ikipita; na swichi ya breki yenye hatua mbili, rezista kwanza na kushoti baadaye, ikiwa imewekwa upande wa jenereta kabla ya dayodi zinazogeuza umeme wake uwe wa kuchajia betri, mahali tunapoweza kuifikia bila kupita chini ya mapanga. Kitabu cha maelekezo kije kwa Kiswahili, maana mama mkwe ndiye hubaki nyumbani mchana. Mlipe pia gharama ya mlingoti, mabati ya jikoni, na ukaguzi wa betri zilizochemshwa.

Lakini dai ninaloliona kuwa la haraka kuliko hela zetu ni hili: wapigieni simu wateja wote mliowauzia seti hii. Kijana wenu alijisifu kwamba mmefunga mingine kama huu Mau Narok na upande wa Ol Kalou, na huko nako kuna upepo na kuna watoto. Waambieni leo kwamba koili waliyonayo haiutoshi mtambo. Mpaka mtakapofika kuibadilisha, mtambo ufungwe kwa swichi wakati upepo ni hafifu na ubaki umefungwa. Simu hizo hazitawagharimu kitu. Nilipomwomba mhudumu wenu afanye hivyo alisema hana ruhusa, ndiyo maana ninakuandikia wewe.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Iko pia Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Sina haja ya kuwatisha kwa vifungu, na ningependa zaidi tulimalize hili sisi kwa sisi, kwa kuwa duka lenu liko karibu na mafundi wenu tunakutana nao barabarani. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitayapeleka malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na kwa Shirika la Viwango, na dai la fedha nitalifungua katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000.

Mtambo tumeulaza chini na kuufunga kamba. Koili, kontrola, jenereta na vipande vya panga vyote vimehifadhiwa kama vilivyokutwa, na fundi wetu yuko tayari kuvieleza mbele ya fundi wenu. Aje siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi, na aje na mita ya kupimia omu.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu wa Eburru
(namba ya risiti iko kwenye kiambatisho cha kwanza)