Kikao cha Alhamisi: mkataba wa Misri na Wahiti

Habari za jioni, ndugu zangu. Alhamisi saa 2 usiku tunasoma mkataba wa amani wa Ramesses II wa Misri na Hattusili III, mfalme wa Wahiti (taifa la kale katika Uturuki ya leo), uliofungwa miaka kama 15 baada ya mataifa hayo mawili kupigana Kadesh, Syria ya leo (1274 KK). Picha niliyotuma ni ya kibao cha udongo kilichofukuliwa Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, Uturuki, mwaka 1906; nakala ya Kimisri imechongwa kwenye ukuta wa hekalu la Karnak, Misri. Kinachonigusa mimi ni kifungu cha wakimbizi: anayerudishwa kwao asiuawe, asidhuriwe macho, masikio wala miguu, mke na watoto wake wasiguswe. Anzeni na hicho, taratibu. Mwenye swali aliweke hapa mapema.