Oili chafu ni dawa ya mchwa: barua kwa vijana wenye fremu mtaani kwetu

Wanangu na wajukuu zangu mnaofungua maduka pale mtaani, Kariakoo,

Salamu kwenu nyote. Naandika nikiwa na hasira, tena hasira ya siku nane, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti.

Ijumaa ya wiki iliyopita nilipita mbele ya fremu zenu baada ya swala ya alfajiri, naelekea kituo cha mwendokasi. Taa za barazani zilikuwa bado zinawaka. Nikamkuta mama mmoja, umri wake kama binti yangu wa tatu, amepiga magoti anajifuta miguu kwa kipande cha boksi, na boksi lenyewe limelowa jeusi. Mtoto wake wa kiume, miaka minne hivi, amesimama peku kwenye lami, mikono kaitenga na mwili kama mtoto aliyekatazwa kugusa nguo zake. Nikainama, nikanusa. Oili chafu. Mliimwaga barazani jioni mlipokuwa mnafunga. Yeye kaja saa tano usiku, hakuiona, katandika boksi lake, kamlaza mtoto.

Aliponiona akaacha kujifuta, akasema, "Shikamoo baba."

Oili chafu mimi naijua. Nimefanya useremala Keko miaka thelathini na minane. Tunaipaka kwenye mbao za kenchi na kwenye miguu ya vitanda ili mchwa wasile. Hiyo ndiyo kazi yake, sijawahi kuiona ikifanya nyingine. Mmempaka binadamu dawa ya mchwa, na mtoto wake.

Jioni yake mjukuu wangu akanionyesha simu. Kumbe mmoja wenu alikuwa juu ghorofani anarekodi. Nilivaa miwani nikasoma yote mliyoandikiana chini ya ile video mpaka chai ikapoa. Mvivu huyo. Arudi kwao. Watu wa unga hao. Mtoto si wake, kakodishwa akaombee. Nami nimeona nisikae kimya, maana baadhi yenu baba zenu nawajua, na vitanda mlivyozaliwa juu yake nilivichonga mimi.

Nianze na hilo la uvivu, kwa sababu ndilo lililonikera kuliko yote.

Nilimnunulia mtoto chai na chapati, nikakaa nao. Yule mama anaosha vyombo kwa mama lishe kule Gerezani. Anaanza saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo ninyi mnapokuja kufungua saa mbili yeye keshaosha masufuria ya supu. Analipwa shilingi elfu tano kwa siku na chakula chake na cha mtoto. Mlinzi wa ghorofa la jirani humtunzia boksi mchana. Na kila alfajiri kabla hajaondoka huazima fagio la yule mlinzi, akafagia baraza lenu lote, kuanzia duka la vitenge mpaka la vipuri. Mlidhani nani huwa anawafagilia?

Sasa twende kwenye hesabu, ninyi ni wafanyabiashara. Chumba kimoja cha kawaida Buguruni, choo cha pamoja, ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Siku ishirini na sita za kazi zinampa 130,000. Chumba anakimudu. Atabanwa, lakini anakimudu. Ila nani atampa chumba kwa kodi ya mwezi? Mwenye nyumba anataka miezi sita, wengine mwaka. Sita ni 360,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 60,000. Zimeshafika 420,000, na bado hela ya kuonyeshwa vyumba, ambayo unaitoa hata kama chumba hukukipenda. Ni mshahara wake wa siku themanini na nne asiguse hata senti, asinunue sabuni wala panadol, asilipie choo wala bafu. Na anayelala nje hiyo pesa ataiweka wapi? Aliifunga kwenye pindo la kanga, ikakatwa usiku kwa wembe. Akahamia kuweka kwenye simu, simu ikachukuliwa.

Huyu mama ana kodi ya mwezi. Hana kodi ya miezi sita. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na wapangaji wengi wa mji huu, na mkitazama vizuri mtaona hata ninyi wenyewe, fremu zenu zikifungwa miezi mitatu tu, mpo jirani naye.

Hapo sina budi kusema langu, nisije nikawa nawanyooshea kidole kwa mkono mchafu. Mimi ni mwenye nyumba. Nina vyumba vinne Buguruni, nilivijenga kidogo kidogo kwa jasho la randa. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mpangaji, kijana wa bodaboda, mpole, analipa vizuri. Akagongwa, akavunjika mguu juu ya goti. Hujafa hujaumbika. Pikipiki haikuwa yake, mwenye nayo akaichukua. Kodi ilipoisha akaniomba alipe mwezi mwezi mpaka apone. Nikakataa. Nikamwambia utaratibu ni miezi sita, nikitengua kwako wote watataka. Nikampa wiki mbili. Zilipoisha bado yumo, nikaenda na bisibisi nikafungua bawaba, nikang'oa mlango. Mlango wa mninga, niliutengeneza kwa mikono yangu. Nikaubeba begani nikaondoka nao, yeye amekaa kitandani ananitazama, fimbo zake zimeegemea ukutani.

Baada ya mwaka na kitu nilimwona Mnazi Mmoja, amelala chini ya mti saa sita mchana. Mguu uliunga vibaya. Alinisalimia kwa heshima. Nilimpa elfu kumi nikaondoka haraka, na usiku ule sikulala. Niliporudi kumtafuta sikumpata, na sijampata mpaka leo. Alikuwa si mvivu wala si mhuni. Aliyemtoa ndani akamlaza nje ni mimi, kwa bisibisi.

Tangu hapo vyumba vyangu nakodisha kwa mwezi. Wenye nyumba wenzangu walinicheka, wakasema nitaibiwa. Mmoja tu kaondoka na deni, la mwezi na nusu. Wengine wote wanalipa, na wanalipa kwa sababu kodi inafanana na mapato yao. Hakuna anayelipwa mshahara wa miezi sita kwa mkupuo, sijui nani alituroga tukaona kodi ya miezi sita ni jambo la kawaida.

Zamani kulikuwa na mkono wa sheria. Ile Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya mwaka 1984 ilikuwa na kasoro zake, wapangaji wengine waliitumia vibaya, lakini kulikuwa na mahali pa kwenda kulalamika. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano yako na mwenye nyumba wako. Na mji haukungoja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi, na sehemu kubwa yao wamejibana kwenye vyumba vya kupanga uswahilini, kwa masharti ya watu kama mimi.

Sasa hili la "arudi kwao". Neno hili ni la zamani kuliko ninyi na kuliko mimi. Mwaka 1944 Mwingereza alitunga sheria ya kuwaondoa mjini Waafrika aliowaita wasiotakiwa. Tukapata uhuru. Mwaka 1983 ikaja ya kwetu wenyewe, Nguvu Kazi, sheria ya kumtaka kila mwenye nguvu afanye kazi, nayo ilinikuta. Nilikuwa nimekuja kwa garimoshi kutoka Kilosa mwaka 1976, na miezi mitatu ya mwanzo nililala kiwandani Keko chini ya benchi, juu ya maranda. Ndiyo, babu yenu mnayemwamkia alilala pasipo mlango. Basi 1983 nilikuwa fundi kamili lakini sina karatasi ya mwajiri. Nilikamatwa barabarani na msumeno mkononi, nikapakiwa kwenye lori. Bosi wangu alikimbia nyuma yake akanitetea, nikashushwa. Niliokuwa nao mle ndani walipelekwa vijijini kulima. Wengi walirudi kabla mvua hazijaisha, kwa miguu, kwa sababu sababu ya kuja mjini ilikuwa bado ipo palepale.

Na yule mama kwao ni wapi? Nilimuuliza. Mumewe alifariki, ndugu wa mume wakagawana shamba na nyumba, wakamwambia arudi kwa baba yake. Baba yake alishakufa. Ninyi mnamwambia arudi kwao, na huko kwao walimwambia hivyohivyo.

Watu wa unga. Wapo, sikatai, nimezika mtoto wa dada yangu kwa unga. Lakini mjukuu wangu anayesoma mipango miji alinieleza jambo nililoona mliweke akilini. Kule Marekani jimbo la West Virginia limeumizwa na dawa za kulevya kuliko karibu majimbo yote, lakini wanaolala nje si wengi, kwa sababu nyumba ni rahisi. California nyumba ni ghali kupindukia, na huko ndiko mahema yamejaa barabarani. Dawa zinaumiza watu kila mahali, ila mji ghali ndio unaowatoa nje. Halafu kumbukeni kwamba hapa kwetu kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu watumiaji wa unga, ilianza Muhimbili mwaka 2011, na kwa kawaida dawa ile hunywewa kila siku kliniki mbele ya mhudumu. Kijana anayejitibu hawezi kwenda kijijini kusiko na kliniki. Anawahi foleni asubuhi ili awe mtu, na usiku anatafuta baraza.

Kuhusu mtoto wa kukodishwa: ana mwanya wa mbele na kidevu cha mama yake. Sina la kuongeza.

Siwalaumu ninyi peke yenu. Mmekua mkiona wakubwa wakifanya kwa tingatinga kile mlichofanya kwa kopo la oili. Desemba 2015 bonde la Msimbazi lilipobomolewa, niliona familia zimekaa juu ya kifusi na makochi yao na mvua inanyesha. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Barabara ya Morogoro, Kimara mpaka Kibamba, nyumba za matofali za watu waliojenga maisha yao yote. Bonde linafurika, najua. Barabara inahitajika, najua, na mimi naipita. Lakini ukiuliza wale watu usiku ule walilala wapi, kila ofisi inakuonyesha ofisi nyingine. Na tukitaka tunaweza. Magomeni Kota kaya 644 ziliondolewa mwaka 2011, zikahangaika zaidi ya miaka kumi, lakini mwaka 2022 zilikabidhiwa maghorofa palepale zilipotoka. Kwa nini hilo liwe la mara moja?

Na sisi tunaoenda msikitini na kanisani, tunawavuka watu hawa vizingitini tukienda kuomba riziki.

Mkisikia mgambo wanapita kukusanya "wazururaji", msishangilie. Vile vifungu vya uzembe na uzururaji tulivirithi kwa Mwingereza, na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ipo hapahapa kwetu Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Kutokuwa na mlango si kosa la jinai.

Mtasema, babu, wateja wanakimbia, kuna harufu, kuna siku tumekuta mkojo. Nimelisikia hilo na ni kweli. Choo cha kulipia kinafungwa usiku, sasa mtu aende wapi? Changeni mlinzi wa choo alale pale, elfu moja moja kila fremu kwa wiki, mimi natoa yangu. Kama kuna anayewaibia, mkamateni huyo aliyeiba. Video ifuteni. Mlinzi wa jirani asitishwe kwa kutunza maboksi. Na ninyi wawili ambao baba zenu wana vyumba Tandale na Vingunguti, mnajijua, mwaombeni wakodishe kwa mwezi. Anzeni na chumba kimoja.

Yule mama nimempa chumba changu cha mwisho, kile cha kijana wa bodaboda. Kodi mwezi kwa mwezi. Mlango ni uleule wa mninga, niliurudisha kwa bawaba mpya. Lakini nina vyumba vinne tu, na pale barazani kwenu niliwahesabu watu kumi na mmoja.

Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa pale na magunia mawili ya maranda kutoka Keko. Maranda hunyonya oili, ukiyaacha nusu saa kisha ukasugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, doa linapungua. Mimi mgongo hauniruhusu kusugua baraza lote. Njooni na mafagio.

Babu yenu, fundi mstaafu,
Ilala