Kwa nini bangili zetu hatuzifungi kwa mkonge

Uko Tanga, unauza bangili za mafundo, halafu uzi si mkonge? Swali hili hatulikwepi, na wateja wana haki ya kuuliza. Mkonge ndio ulioupa mkoa huu umaarufu tangu Richard Hindorf alipoleta miche kutoka Florida mwaka 1893, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Lakini singa za mkonge ni ngumu. Kwenye zulia la mlangoni zinafaa mno. Mkononi zinawasha, na hazipiti kwenye tundu la ushanga mdogo. Kwa hiyo tunatumia uzi wa poliesta uliotiwa nta. Ncha yake ukiigusisha moto wa kiberiti inayeyuka na kuganda, haifumuki.

Ufundi wenyewe unaitwa makrame. Wafumaji wa Kiarabu walikuwa wakifunga mafundo nyuzi zinazobaki kwenye pindo za kitambaa, mabaharia wakausambaza bandarini, Waingereza wakaushabikia karne ya 19, ukafifia, ukaibuka tena miaka ya 1970. Matamvua ya kikoi ulichonacho nyumbani ni ndugu yake.

Bangili ya kawaida ina nyuzi nne. Mbili za katikati zimetulia tu; za pembeni ndizo zinazofanya kazi, ndiyo maana tunazikata ndefu, mara nne au tano ya bangili yenyewe. Fundo likianzia kulia, linalofuata lianzie kushoto. Ukirudia upande uleule, bangili inajisokota kama ngazi ya mnara. (Kuna wanaoipenda hivyohivyo, basi tunawafungia.) Ushanga huvishwa nyuzi za katikati, za pembeni zikauzunguka na kukazwa chini yake.

Hapo ndipo inapoishinda bangili ya mpira. Mpira ukikatika, shanga zote ziko chini ya viti vya daladala. Kwenye makrame kila ushanga una fundo lake, na uzi mmoja ukilika huwa unaona mapema, unatuletea.

Shanga zako za zamani, hata za mkufu wa bibi, tunazifunga upya. Pima kifundo cha mkono kwa uzi kisha uzi huo uje nao. Tundu likiwa jembamba mno kwa nyuzi mbili tutakwambia kabla hujalipa, maana kulipanua kunaweza kuupasua ushanga.