Anayejaza risasi nyumbani bado anategemea kiwanda

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nijadili hoja iliyoota mizizi miongoni mwa wamiliki wa bunduki, hasa nchini Marekani, na ambayo naona inakubalika bila kuulizwa maswali hata na watu makini. Hoja yenyewe ni kwamba mtu anayejiandaa kwa maafa asitegemee duka la silaha. Ajifunze kujaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, alimbikize baruti na vifaa vingine, na siku mambo yatakapoharibika awe na kiwanda chake ndani ya nyumba. Mimi ni mlenga shabaha, na kazi ya kujaza risasi naifahamu na kuipenda. Kama ufundi, sina neno nayo. Kama maandalizi ya dharura, haina uzito inaopewa.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba ya manjano, baruti iliyomo ndani ya ganda, kichwa kinachotoka mtutuni, na fataki, yaani kile kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako, ambacho hugongwa na pini ya bunduki ili kiwashe baruti. Risasi ikishapigwa, baruti imeungua, kichwa kimekwenda na fataki imekufa. Kinachobaki ni ganda peke yake, nalo ndilo sehemu ghali kuliko zote, na ndiyo sababu utawaona walenga shabaha wameinama wakiokota baada ya mazoezi. Mjazaji hulisafisha ganda hilo, huiondoa fataki iliyokufa, hulipitisha kwenye kalibu ya chuma ili lirudi katika kipimo chake, hupachika fataki mpya, huweka baruti aliyoipima kwa mizani, kisha hukaza kichwa kipya mdomoni. Wawindaji wa nyati katika nyanda za Marekani katika karne ya 19 walifanya kazi hiyohiyo kambini mwao, na leo hufanywa na watu wanaotafuta usahihi wa shabaha, wenye bunduki za kaliba ambazo viwanda vimeacha kuzitengenezea risasi, na wanaopiga risasi nyingi kiasi kwamba gharama ya mashine hurudi. Hizo ni sababu za kweli, na sizipingi hata moja.

Lakini hebu tuangalie hesabu ya sehemu hizo nne kwa macho ya mtu anayesema anataka kujitegemea. Ganda analo, ingawa nalo halidumu milele, kwa sababu kila linapotanuka chembani, yaani pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, na kubanwa tena kwenye kalibu shaba yake hukakamaa, na hatimaye hupasuka mdomoni au hukatika karibu na kitako. Kichwa anaweza kukimimina mwenyewe kwa kuyeyusha madini ya risasi, mradi aridhike na mwendo mdogo, maana kichwa kisicho na koti la shaba hulainika na kuacha uchafu mtutuni kinaposukumwa kwa kasi kubwa. Baruti hawezi kuitengeneza. Ile baruti isiyo na moshi, aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, hutokana na nitroselulosi, na nitroselulosi ni kazi ya kiwanda cha kemikali chenye asidi, vipimo na wataalamu, tena kiwanda kinachogombewa na majeshi: tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, mahitaji ya mizinga yameibana mali ghafi hiyo, na wanunuzi wa kawaida wameuona ubanaji huo katika bei.

Hata hivyo, kinachoivunja kabisa hoja ya kujitegemea ni kile kikombe kidogo cha fataki. Ndani yake mna tone la kilipuzi chepesi, kwa kawaida kilichotengenezwa kwa kemikali ya madini ya risasi, chenye hasira ya kuwaka kwa pigo moja la pini na utulivu wa kukaa miaka mingi bila kuwaka kwa sababu nyingine yoyote. Kuzipatanisha sifa hizo mbili ni kazi ambayo hata viwandani hufanywa nyuma ya kuta nene, mchanganyiko ukiwa umeloweshwa ili usilipuke mikononi mwa wafanyakazi, na asiye na kiwanda hana sababu yoyote ya kuijaribu. Nchini Marekani wenyewe, pamoja na wingi wote wa bunduki zao, kampuni kubwa zinazotengeneza fataki ni chache mno: CCI, Federal, Winchester na Remington ndizo zinazojulikana na kila mjazaji. Mwaka 2020 Remington ilifilisika kwa mara ya pili ndani ya miaka michache, mwaka huohuo ambao janga la Korona na hofu ya machafuko viliwasukuma Wamarekani madukani. Ukaguzi uliofanywa na FBI kwa wanaotaka kununua silaha au kupata vibali vyake ulikaribia milioni 40 katika mwaka huo mmoja. Bidhaa iliyoadimika kuliko karibu kila kitu ilikuwa fataki. Watu wenye mashine nzuri, mizani ya kielektroniki na mapipa ya maganda safi walikaa wakiyatazama, huku fataki zilizopatikana zikiuzwa kwa bei ya kulangua. Uhaba kama huo ulikwisha kuonekana mwishoni mwa mwaka 2012 na mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook kuzua hofu ya sheria mpya, na wakati huo hata risasi ndogo za .22, ambazo kwa kawaida ndizo rahisi kuliko zote, zilitoweka kwenye rafu. Hizo, kwa taarifa ya wasiojua, hazijazwi upya nyumbani kwa namna ya kufaa, kwa kuwa kilipuzi chake kimesambazwa ndani ya ukingo wa kitako, na ukingo ukishagongwa umekwisha.

Kwa hiyo mjazaji hajaondoka katika mnyororo wa kiwanda. Amehama pingili moja tu. Badala ya kumtegemea muuza risasi, anamtegemea muuza fataki, ambaye katika kila uhaba huishiwa mapema, kwa sababu kampuni hizohizo zinazotengeneza fataki ndizo zinazotengeneza risasi kamili, na mali inapokuwa haba hujihudumia zenyewe kwanza. Sizilaumu; ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

(Kuna jambo linalonichekesha kila mara hapa. Mitindo mikuu ya fataki ni miwili, mmoja wa Mwingereza Edward Boxer na mwingine wa Mmarekani Hiram Berdan, yote ya miaka ya 1860. Mtindo wa Mwingereza ndio uliotawala Marekani, na wa Mmarekani ukaenea Ulaya na mashariki yake. Maganda ya Berdan, yenye vitundu viwili vya kupitishia moto wa fataki badala ya kimoja, humpa mjazaji taabu kubwa, kiasi kwamba wengi huyatupa. Anayehesabu maganda ya kuokota kama akiba yake na ayachungulie ndani kwanza.)

Najua jibu litakalotolewa: basi alimbikize fataki na baruti mapema, wakati zipo. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi zaidi, kwa sababu jibu hilo linageuza suala la uhaba kuwa suala la moto. Kanuni za usalama za NFPA 495, za chama cha Marekani cha kuzuia moto, ambazo maeneo mengi ya Marekani huzifuata, huruhusu katika makazi ya mtu baruti isiyo na moshi isiyozidi ratili 20, yaani takriban kilo 9, ikiwa katika makopo yake ya asili. Ikizidi hapo, hadi ratili 50, lazima iwekwe katika sanduku au kabati la mbao lenye unene wa angalau inchi moja. Na fataki zisizidi 10,000. Mbao hazikutajwa kwa bahati mbaya. Baruti isiyo na moshi ikiwaka mahali pa wazi huungua kwa kasi na mwali mkubwa, lakini ikifungiwa katika kitu kigumu kisichopitisha hewa, gesi yake hukosa pa kutokea na moto hugeuka mlipuko. Mtu anayeitia baruti yake katika sanduku zito la chuma lenye mfuniko wa mpira, akidhani ameilinda, ametengeneza bomu. Fataki nazo zina hatari yake: moja ikilipuka miongoni mwa nyingi zilizomiminwa pamoja, huweza kuziwasha zote kwa mara moja, na ndiyo sababu viwanda huziuza katika trei zenye vishimo vinavyotenganisha kila moja. Kuzimimina kwenye chupa ili zichukue nafasi ndogo, jambo ambalo walimbikizaji wengine hulisifu kuwa ni ujanja, ni kuutupa ulinzi pekee uliokuja nazo.

Nchi nyingine zimelishughulikia suala hili kwa ukali zaidi. Ujerumani haimruhusu mtu kumiliki baruti ya kujazia bila kibali kinachotolewa chini ya sheria ya vilipuzi, baada ya mafunzo. Uingereza huandika katika cheti cha mmiliki idadi ya juu ya risasi anazoweza kuwa nazo. Marekani haidai leseni kwa anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe, bali kwa anayetengeneza kwa ajili ya kuuza, na tofauti hiyo inasahaulika sana pale mtu anapoanza kuwagawia majirani mali yake kwa malipo.

Tena baruti huzeeka. Nitroselulosi hujichambua polepole, na kemikali zinazotiwa ndani yake kuizuia huisha kidogo kidogo, haraka zaidi panapokuwa na joto. Kopo lililokaa darini au kwenye banda la bati kwa miaka linaweza kufunguliwa likatoa harufu kali ya asidi na vumbi jekundu la kutu, na hiyo ni baruti iliyokufa ambayo haifai kutumika wala kuendelea kuwekwa ndani ya nyumba. Risasi kamili zilizotoka kiwandani, zikiwekwa mahali pakavu na baridi, huweza kukaa miongo kadhaa zikiwa salama, na katika moto wa nyumba ganda hupasuka bila kukipa kichwa ile kasi ya mtutuni. Maana yake ni kwamba hata anayeamini kwa dhati kuwa akiba ya risasi ni lazima, angefanya vyema kununua idadi ya wastani ya risasi za kiwandani na kuzifungia kabatini, kuliko kujaza nyumba makopo ya baruti na katoni za fataki. Kwa lengo hilo hasa, kujaza mwenyewe ndiyo njia yenye hatari zaidi na uhakika mdogo.

Tuchukulie kwamba siku ya dharura imefika na vifaa vyote vipo. Kujaza risasi ni kazi ya mtu aliyetulia, mwenye mwanga wa kutosha, meza isiyo na kopo zaidi ya moja la baruti, na jedwali la vipimo lililochapishwa na mtengenezaji wa baruti hiyohiyo. Ganda likipokea baruti mara mbili, bunduki huweza kupasuka usoni pa mpigaji. Lisipopokea kabisa, nguvu ya fataki peke yake hukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu na kukiacha hapo, na anayepiga risasi ya pili bila kugundua huweza kuupasua mtutu. Makosa hayo huwapata watu wazoefu katika mchana mtulivu wakiwa wamekatishwa na simu. Sioni ni kwa hoja gani mtu atatarajia kuyaepuka usiku wa tatu bila umeme, akiwa na njaa na watoto wanalia. Vumbi la madini ya risasi linalotoka kwenye maganda machafu na fataki zilizokufa ni habari nyingine, na wenye watoto wadogo wasiisafishe mali hiyo ndani ya nyumba hata siku za amani.

Naona pia tumelikimbia swali la msingi la dharura huwa ni nini. Orodha ya serikali ya Marekani ya vifaa vya kujiandaa inaanza na maji, galoni moja kwa mtu kwa siku, yaani karibu lita nne, kisha chakula, redio, tochi na vifaa vya huduma ya kwanza, risasi hazimo. Mnamo Februari 2021, wakati uhaba wa fataki ukiwa bado umepamba moto, baridi kali iliuangusha mfumo wa umeme wa Texas, jimbo ambalo haliwezi kusemwa kuwa lina upungufu wa bunduki. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Vingi vilitokana na baridi, na vingine na hewa ya sumu ya jenereta na majiko yaliyowashwa ndani ya nyumba. Fedha ya katoni moja ya fataki kwa bei za msimu ule ingenunua kifaa cha kugundua hewa hiyo na mablanketi.

Sitaki kusomwa kama ninayewazuia walenga shabaha wenzangu. Mtu na ajaze kiasi anachopiga, anunue baruti atakayoimaliza kabla haijazeeka, azingatie viwango vya zimamoto na sheria ya mahali alipo, afungie risasi mbali na bunduki, na aandike wazi juu ya kila kisanduku aina ya baruti, kipimo na tarehe. Tena mtu mwingine mzima katika nyumba ajue kilichomo kabatini, kwa sababu mlimbikizaji naye hufa, na mjane hubaki na makopo asiyoyaelewa. Anayerithi kabati la namna hiyo asibahatishe baruti isiyo na lebo wala kupiga risasi zilizojazwa na marehemu, bali awaite polisi au zimamoto waje kuziondoa, na asizisafirishe mwenyewe garini.

Wako,
Mlenga shabaha na msomaji wa siku nyingi