Mafuta si mzigo tu

Mhariri,

Nimeusoma ukurasa wenu wa afya miaka nenda miaka rudi bila kuandika hata mstari. Ile makala ya unene na mapafu ndiyo imenishinda. Mwandishi wenu anasema mnene huhema kwa kuwa tumbo linabana kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kisha anahamia kwenye faida za kutembea. Basi, kwisha!

Kubana kunabana, sibishi. Lakini mafuta si gunia alilobebeshwa mtu. Tangu leptini, homoni ya shibe inayotoka kwenye mafuta, ilipogunduliwa mwaka 1994 haina ubishi kwamba mafuta hutoa homoni. Unene ukizidi, leptini hupanda na adiponektini, ile inayotuliza uvimbe wa ndani, hushuka. Makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu, hujazana ndani ya mafuta na kumwaga kemikali za kuchochea uvimbe huo, ambazo damu huzisambaza hadi mapafuni. Ajabu ni kwamba kinga hiyohiyo inayowaka bila adui huzembea adui akija: mafua ya H1N1 yalipoenea mwaka 2009, wanene walikuwa miongoni mwa waliozidiwa zaidi. Haya yote hayakupata hata aya moja?

Na msiseme ni mambo ya maabara. Mimi ni mnene na nina pumu. Majuzi niliingia kwa daktari kifua kikipiga filimbi, na kabla sijaketi nikaambiwa, "Punguza uzito." Stetoskopu ilikaa shingoni mwake mwanzo mpaka mwisho, pambo tupu. Nikaeleza kwamba dawa ya kuvuta hainisaidii kama zamani. Jibu: huitumii ipasavyo. Naitumia asubuhi na jioni! Pumu ya wanene wengi, hasa iliyowaanza ukubwani kama yangu, haiendeshwi na eosinofili, seli za kinga ambazo dawa za steroidi, kama hiyo yangu ya kuvuta, huzituliza vizuri. Kwa baadhi yetu ni nyutrofili, seli nyingine za kinga, nazo kwa steroidi ni sugu. Kwa hiyo mgonjwa anatumia dawa, dawa inashindwa, lawama anabeba mgonjwa. Najua kupunguza uzito kwa asilimia 5 hadi 10 kunaweza kuituliza pumu, tena najua kuliko yeye, maana habari ya uzito nimehubiriwa tangu utotoni. Ila kilo haziyeyuki jioni ileile, na pumzi nilikuwa naitaka palepale.

Halafu zile picha zenu. Kila habari ya unene ni tumbo lisilo na kichwa, limepigwa kwa nyuma au kwa pembeni, kama la mtuhumiwa. Mgonjwa wa moyo mnampa uso na tabasamu. Sisi je, tulikatwa wapi?

Toleo lijalo chapisheni picha ya makrofaji, ukurasa uleule, ukubwa uleule wa lile tumbo. Mkiikosa, pigeni la mhariri, kuanzia shingoni kwenda chini.

Msomaji wenu, mwenye kichwa