Mpwa wangu, wafalme wa Uingereza usiwakariri, fuata hela zao

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa kujiandikisha. Umesema pauni 50 za mtihani wa ukaazi na uraia wa Uingereza umeshalipa, na kwamba sura ya historia ndiyo inayokutoa jasho: akina Henry wanane, Edward wanane, George sita, na kila mmoja na vita vyake. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wenzako wengi walioko huko wanakwama palepale.

Mtihani wenyewe una maswali 24 kwa dakika 45, na ili ufaulu upate walau 18. Ukianguka, unasubiri siku saba na kulipa upya. Muda hautakuishia. Kinachoponza watu ni majina yanayofanana na matukio mawili yaliyobeba sura moja, na hilo halitibiwi kwa kukariri orodha kuanzia juu mpaka chini. Ninachokushauri ni hiki: kila ukifika kwa mfalme, jiulize alihitaji hela za nini, nani alimpa, na kwa sharti gani. Ukishika hilo, miaka mingi itajipanga yenyewe.

Anza na 1066. William, mtawala wa Normandy, anavuka bahari na kumshinda Harold, mfalme wa England, pale Hastings tarehe 14 Oktoba. Vita vyenyewe vilikuwa vya siku moja, usivikalie sana. Kaa kwenye alichofanya miaka 20 baadaye. Krismasi ya 1085 aliagiza hesabu ya nchi, na 1086 makarani wake wakazunguka wakiuliza shamba hili ni la nani, lilikuwa la nani kabla hajaja, lina timu ngapi za maksai wa kulimia, lina vinu vingapi, na thamani yake ni kiasi gani. Zaidi ya sehemu 13,000 zimetajwa. Hicho ndicho kitabu kiitwacho Domesday, na mpaka leo kinatunzwa Kew, London. Mshindi alitaka kujua amepata nini na anaweza kukamua kiasi gani.

Sasa mfalme John. Mwaka 1204 aliipoteza Normandy, akatumia miaka kumi kukusanya fedha za kuirudisha. Kila bwana mwenye ardhi alipaswa kwenda vitani au alipe fedha badala ya kwenda, na John aliitoza fedha hiyo mara nyingi kuliko waliomtangulia. Mwaka 1214 washirika wake wakapigwa vibaya na Wafaransa huko Bouvines, hela zote zikawa zimepotea bure. Makabaila wakachoka. Tarehe 15 Juni 1215, kwenye bonde la Runnymede kando ya mto Thames, akakubali Magna Carta, hati ya kumwekea mfalme mipaka. Iligongwa muhuri, haikutiwa saini. Picha zile za John na kalamu ya manyoya mkononi zisikudanganye.

Watu husema Magna Carta ilileta demokrasia. Haikuleta. Ilikuwa hati ya wakubwa, na Papa aliibatilisha kabla hata Agosti haijaisha. Kifungu cha 12 ndicho kinachotuhusu: mfalme asitoze fedha ile bila ridhaa ya baraza la nchi. John alipokufa mwaka 1216 na mwanawe Henry III akiwa mtoto wa miaka tisa, walezi wake waliitoa hati upya, na kifungu hicho wakakifuta kimyakimya. Lakini tazama kilichotokea 1225. Henry alitaka kodi ya sehemu moja ya kumi na tano ya mali zinazohamishika, akaambiwa thibitisha kwanza ile hati. Akathibitisha, akapewa. Kuanzia hapo desturi ikawa imeshaeleweka, kwamba hela zina bei na bei yake ni haki fulani. Edward I alipoita bunge la 1295, lenye wawakilishi wawili wa kila jimbo na wawili wa kila mji uliotajwa, hakuwa mpenda watu. Alikuwa na vita na Ufaransa, na vita na Scotland vilikuwa njiani.

1381 utaikumbuka bila shida kwa sababu ni kodi ya kichwa, jina ambalo babu zetu walilijua vizuri. Kila mtu aliyezidi miaka 15 alitozwa shilingi moja, wakati miaka minne nyuma ilikuwa peni nne. Wakulima wa Kent na Essex wakaingia London chini ya Wat Tyler. Richard II, mvulana wa miaka 14, akawapa ahadi zote walizoomba, na Tyler alipouawa pale Smithfield ahadi zikafutwa. Kodi yenyewe, hata hivyo, ilizikwa. Margaret Thatcher alipoleta inayofanana nayo, ghasia zilizuka Trafalgar Square tarehe 31 Machi 1990, na kabla mwaka haujaisha hakuwa waziri mkuu tena.

Vita vya Maua ya Waridi vipite haraka: koo za York na Lancaster zikigombea taji, 1455 hadi 1485, vikaishia Bosworth, Henry VII akamwoa Elizabeth wa York, ukoo wa Tudor ukaanza. Huyu Henry VII alikuwa mbahili na aliacha hazina nzuri. Mwanawe akaitafuna.

Kwa Henry VIII utaulizwa wake zake, kwa hiyo washike kwa mpangilio: Catherine wa Aragon aliachwa, Anne Boleyn alikatwa kichwa, Jane Seymour alikufa, Anne wa Cleves aliachwa, Catherine Howard alikatwa kichwa, Catherine Parr alibaki. Watoto watatu walitawala, lakini si kwa kufuatana na umri: Edward mwana wa Jane kwanza (1547), halafu Mary binti wa Catherine wa Aragon (1553), halafu Elizabeth binti wa Anne Boleyn (1558 hadi 1603). Mtego uko kwa Mary. Mary huyu, Mkatoliki aliyechoma Waprotestanti, siye Mary Malkia wa Scotland aliyekatwa kichwa 1587 kwa amri ya Elizabeth.

Wengi wanaishia kwenye wake na talaka. Mimi ningekuambia tazama nyumba za watawa. Kati ya 1536 na 1540 alizifunga takriban 800 na kutwaa ardhi yake yote, utajiri ambao ungemtosha mfalme kuishi bila kuomba bunge kwa vizazi. Kisha akaiuza sehemu kubwa kugharimia vita vya Ufaransa na Scotland. Hela zilipopungua tena akachanganya shaba kwenye sarafu za fedha. Sarafu ikichakaa, sehemu iliyoinuka ndiyo inayochubuka kwanza, na sehemu hiyo ilikuwa pua ya mfalme. Pua ikawa nyekundu, watu wakamwita Pua ya Shaba. Wafalme waliomfuata walirithi taji lenye ardhi kidogo, na hapo ndipo mguu wa Charles I ulipoteleza.

Charles usimharakishe, maana nusu ya katiba ya Uingereza imo kwenye maisha yake. Alivunja bunge 1629 na kutawala miaka 11 bila kuliita. Atakula nini? Akachimbua kodi ya meli, ambayo kwa desturi ililipwa na miji ya pwani wakati wa hatari, na 1635 akaitandaza hadi majimbo ya bara yasiyoona bahari. John Hampden wa Buckinghamshire akagoma kulipa shilingi 20. Alikuwa na uwezo wa kuzilipa mara elfu. Kesi ikasikilizwa na majaji 12: saba wakampa mfalme ushindi, watano wakamkatalia au wakaona dosari. Kwa mfalme, saba kwa watano ni kushindwa, kwa sababu nchi nzima sasa ilijua kwamba hata majaji wake wamegawanyika.

Kilichommaliza ni Scotland. Alitaka kuwalazimisha kitabu cha sala cha Kiingereza, wakaasi, wakavuka mpaka na kushika Newcastle mwaka 1640. Kwa mapatano ilibidi awalipe pauni 850 kila siku huku jeshi lao likiwa bado ndani ya nchi yake. Asingeweza kuzipata bila bunge. Akaliita, na bunge hilo halikurudi tena mikononi mwake. Tarehe 4 Januari 1642 aliingia mwenyewe ukumbini na askari nje ya mlango akitaka wabunge watano, Hampden akiwa mmoja wao. Walikuwa wameshatoroka kwa mashua. Alipomuuliza Spika William Lenthall wako wapi, Spika akapiga magoti na kumjibu kwamba yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema humo ila kama Baraza litakavyomwagiza. Tangu siku ile hakuna mfalme aliyetia mguu Baraza la Makabwela, yaani la wabunge wa kuchaguliwa, likiwa kwenye kikao. Ukitazama ufunguzi wa bunge kwenye televisheni, utaona mjumbe wa mfalme akifungiwa mlango usoni, abishe hodi mara tatu ndipo aingie. Sasa unajua kisa chake.

Vita kati ya mfalme na bunge vikaanza mwaka huohuo. Charles alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649 nje ya Banqueting House, jengo ambalo bado limesimama Whitehall. Hati ya kifo ina saini 59. Asubuhi ile alivaa mashati mawili, kwa kuwa baridi ilikuwa kali na hakutaka atetemeke watu wakadhani ni woga.

Hapa kuna mtego mwingine unaonasa wengi. Oliver Cromwell ndiye aliyetawala kama Mlinzi wa nchi kuanzia 1653 hadi alipofariki 1658. Thomas Cromwell alikuwa waziri wa Henry VIII, ndiye aliyesimamia kufungwa kwa zile nyumba za watawa, akakatwa kichwa 1540. Kati yao kuna miaka zaidi ya mia moja.

Ufalme ulirudi 1660 na Charles II. Mdogo wake James II, Mkatoliki, alikimbia 1688 William wa Orange, mtawala Mholanzi, alipoingia na jeshi kwa mwaliko wa wakubwa. Sheria ya Haki ya 1689 ikaandika lile lililofutwa kwenye Magna Carta: kutoza fedha kwa ajili ya mfalme bila ruhusa ya bunge ni haramu, na kuweka jeshi wakati wa amani bila ruhusa ya bunge ni haramu vilevile. Matokeo yake hayakutarajiwa. Kwa kuwa sasa deni lilidhaminiwa na bunge na si neno la mfalme, watu walikopesha bila hofu. Mwaka 1694 Benki Kuu ya Uingereza ilianzishwa kwa mkopo wa pauni milioni 1.2 kwa serikali, riba asilimia 8, na fedha zikapatikana chini ya wiki mbili. Mfalme aliyefungwa mikono akawa na uwezo wa kukopa kuliko Louis XIV wa Ufaransa asiyefungwa na mtu.

Muungano nao una mitego ya tarehe. 1603 England na Scotland walichangia mfalme tu, James VI wa Scotland ambaye ndiye James I wa England. Bunge liliunganishwa 1707. Scotland ilikuwa imetoka kupoteza mtaji mkubwa kwenye jaribio la koloni huko Darien, Panama, na mkataba uliwapa pauni 398,085 na shilingi 10, ambazo sehemu yake ilikwenda kuwafidia wenye hisa. Ireland iliingia 1801. Wales ilikuwa ndani tangu enzi za Henry VIII.

George I alikuja 1714 kutoka Hanover, Ujerumani, akarukishwa mbele ya jamaa zaidi ya 50 kwa kuwa walikuwa Wakatoliki. Waziri wake Robert Walpole, kuanzia 1721, anahesabiwa waziri mkuu wa kwanza. Alipanda kwa kusafisha uozo wa kampuni ya South Sea, iliyoporomoka 1720. Ukiona picha ya mlango wa namba 10 Downing Street, soma maandishi kwenye tundu la barua. Hayasemi waziri mkuu, yanasema Bwana wa Kwanza wa Hazina.

Kuhusu utumwa, shika miaka miwili: 1807 biashara ilipigwa marufuku, 1833 ikapitishwa sheria ya kuwaachia watumwa wenyewe katika sehemu kubwa ya himaya. Kitabu cha mtihani hakitakukazia sana kwamba fidia ya pauni milioni 20 walipewa wenye watumwa, na kwamba deni lililotokana nayo serikali ilimaliza kulilipa 2015. Walioachiwa huru hawakupata hata peni. Na reli yetu ya Mombasa hadi Kisumu nayo ilipita kwenye mlango uleule: bunge liliidhinisha pauni milioni 3 mwaka 1896, gharama zikavuka milioni 5, na wabunge wa upinzani wakalalamika kila fedha ya nyongeza ilipoombwa.

Karne ya 20 ina maswali mepesi ya tarehe. Edward VIII aliachia taji Desemba 1936, hakumaliza mwaka. Elizabeth II alirithi tarehe 6 Februari 1952 akiwa Kenya, karibu na Nyeri, ingawa mtihani hautakuuliza Nyeri. Wanawake wenye miaka 30 na zaidi, kwa masharti ya mali, walipata kura 1918. Kuwa sawa na wanaume, miaka 21, ni 1928. Kushuka hadi 18 ni 1969. Hiyo ya 1918 na 1928 ndiyo inayogeuzwa kila mara, kwa hiyo iandike ukutani.

Usiiruke 1909. Lloyd George, waziri wa fedha, alileta bajeti ya kuwatoza matajiri na wenye ardhi ili kulipia pensheni za wazee na manowari. Baraza la Malodi, la wakubwa wasiochaguliwa, likaikataa, uchaguzi ukafanyika mara mbili ndani ya 1910, na sheria ya 1911 ikaamua kwamba muswada wa fedha malodi wanaweza kuuchelewesha mwezi mmoja tu. Utakutana nayo tena kwenye sura ya serikali, hivyo ukiimaliza historia nenda moja kwa moja huko kabla hujasahau, sura ya michezo na sikukuu isubiri.

Mjomba wako