Mikanda Aliyoiacha Crawford: barua kwa mwanangu aliye Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Lamu hatujambo sote, alhamdulillahi, ila ami yako bado kifua kinamsumbua na hataki kusikia habari ya daktari. Pesa ulizotuma zimefika. Nimelipa deni la dukani na kununua uzi wa kofia.

Ama baad. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza, nikaona nisikujibu pale pale kwa sauti, maana ningefoka na majirani wakasikia. Unasema Terence Crawford, yule bondia Mmarekani, kaacha ngumi, na mchezo wa ngumi hautamkosa hata kidogo. Akitoka huyu anaingia yule, mapromota hawakosi mtu wa kumuuza. Hapo kwenye mapromota sina ubishi nawe. Hayo mengine umeyasema upesi mno.

Lile pambano lake na Canelo Alvarez, bondia wa Mexico, mimi nililiona. Kwao Las Vegas ilikuwa Jumamosi usiku, tarehe 13 Septemba 2025. Kwetu ni Jumapili alfajiri. Mjomba wako alitoka msikitini akaja moja kwa moja na simu yake, tukaiegemeza kwenye birika la chai, picha inakwenda na kukwama. Hata hivyo nilichotaka kukiona nilikiona. Mtu wa miaka 37 amepanda viwango viwili vya uzani kumfuata Canelo nyumbani kwake, kwenye kilo 76.2. Nami nikasema leo ataumizwa. Wapi! Canelo akirusha konde lake zito, Crawford hayupo. Na kabla Canelo hajasimama sawa, mkono wa kulia wa Crawford umeshafika usoni. Si kwamba alikuwa na mbio. Alikuwa akijua mapema. Mjomba wako, aliyekuwa upande wa Canelo na kelele zake zote, kufika raundi za mwisho akawa anauliza habari za mahamri.

Majaji wakatoa 116-112, na wawili 115-113. Akawa mwanamume wa kwanza, tangu mikanda mikubwa iwe minne, kuwa bingwa asiyepingika, yaani mwenye mikanda yote minne, katika viwango vitatu: kilo 63.5 mwaka 2017, alipomwangusha Julius Indongo wa Namibia, kilo 66.7 mwaka 2023, Errol Spence aliposimamishwa raundi ya tisa. Na hapo kwa Canelo. Mapambano 42, hakuna aliyemshinda. Desemba akasema basi. WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda hiyo, walikuwa wameshamvua mkanda wao siku chache kabla kwa mzozo wa ada (hawa watu na ada zao!), mingine akaiacha mwenyewe.

Sasa nikuulize wewe unayefunga bendeji mikononi kila jioni kwa mazoezi ya ngumi: ile mikanda ataichukua nani, na ataichukua kwa nani?

Hapo ndipo ninapoona atakosekana. Siyo jina lake. Jina utalisikia mpaka ulichoke. Atakosekana mtu wa kupigwa. Umeona kirumbizi wakati wa Maulidi, pale mbele ya Msikiti wa Riyadha: zumari inalia, wawili wako kati na fimbo zao, anayezidiwa anatoka, na aliyebaki anamngoja mwingine. Watu wote wameona nani kamtoa nani, kwa hiyo hakuna wa kubisha kesho yake. Crawford ametoka na fimbo yake mkononi, hakuna aliyemtoa, na walio nje wanaambiwa waingie wagawane uwanja mtupu.

Usidhani natunga. Rocky Marciano, bingwa wa uzito wa juu, aliacha ngumi mwaka 1956 akiwa na ushindi 49 na hajashindwa. Pambano lake la mwisho, Septemba 1955, alimwangusha Archie Moore. Mkanda ukabaki wazi, na waliokuja kuugombea Novemba 1956 ni kijana Floyd Patterson, miaka 21, na nani? Huyo huyo Archie Moore. Patterson akamwangusha, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, kijana kuliko wote waliomtangulia. Lakini mtu aliyempiga alikuwa ameshapigwa na aliyeondoka. Kosa la Patterson hapo ni lipi? Hana. Mchezo ulimpa alichokuwa nacho, na kilichotakiwa kilikuwa kimeshakwenda nyumbani kulala.

Na Floyd Mayweather, bondia mwingine wa Marekani, je? Aliaga Septemba 2015 na 49 zake, sawa na Marciano. Mwaka 2017 wakamtoa nyumbani apigane na Conor McGregor, mpiganaji wa mapigano mchanganyiko (MMA), mtu ambaye hakuwahi kupigana hata pambano moja la ngumi za kulipwa. Watu wakalipa pesa zao kutazama. Wewe mwenyewe ulikopa bando kwa dada yako, na sidhani kama umemlipa mpaka leo. Mchezo usiomkosa mtu hauendi kumgongea mlango namna hiyo. Wala sitashangaa wakimgongea Crawford.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekushinda. Lakini mimi siyo mtazamaji tu, ni mamako, na hapo maneno yangu yenyewe yananigeuka.

Maana kukabidhi vizuri, kule kutolewa mbele ya watu, tumekuona kulivyo. Muhammad Ali alikabidhi. Oktoba 1980 alirudi akiwa na miaka 38 kupigana na Larry Holmes, aliyekuwa zamani mwenzake wa mazoezi. Holmes alimpiga raundi baada ya raundi na yeye harudishi, mpaka watu wa kona yake wakazuia baada ya raundi ya kumi. Na hakukoma, akapigana tena mwaka uliofuata na Trevor Berbick, akashindwa. Mwaka 1984 ikatangazwa ana ugonjwa wa Parkinson. Mchezo ulipata haki yake, Holmes akawa bingwa aliyempiga Ali. Mamake Ali alipata nini?

Na sisi Wakenya tunaye wetu. Robert Wangila, Seoul 1988, dhahabu ya Olimpiki, alimwangusha Mfaransa katika fainali raundi ya pili. Mpaka leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ya Kenya isiyotoka kwenye riadha. Akaingia ngumi za kulipwa Marekani, na Julai 1994 akapigana Las Vegas, mji huo huo wa taa tuliokuwa tukiutazama na birika la chai. Akafa siku chache baadaye kwa jeraha la kichwani. Miaka 26. Ukitaka mfano wa mtu ambaye ngumi imemkosa, usiende Marekani. Baada ya mwaka ule wa Seoul, ambapo Chris Sande naye alipata shaba, hakuna bondia wa Kenya aliyerudi na medali ya Olimpiki. Hapo hapakuachwa mkanda, paliachwa pengo la watoto ambao wangemwona kila siku mazoezini wakataka kumpiga.

Kwa hiyo kama ningekuwa mama wa Crawford, siku ile ya Desemba ningechinja mbuzi. Ametoka na macho yake, na akili yake, na watoto wake wanamwelewa anaposema. Mwaka 2008 alipigwa risasi ya kichwa akiwa ndani ya gari, Mungu akamnusuru. Ulingoni hakuwa na haja ya kumjaribu Mungu tena. Lakini mimi siye mamake. Mimi ni mtu aliyeamka alfajiri kumtazama, na kama mtazamaji namdai pambano moja, alipoteze kwa kijana, kwa pointi, bila kuumia. Najua halipatikani dukani.

Wewe ni mwanangu, na kwako sidai pambano lolote. Hilo nimeshakwambia na halina mjadala.

Kofia yako imebaki ukingo tu, nitampa mtu wa basi la Mokowe Ijumaa inshaallah, kaipokee mapema wasije wakaiweka wakaisahau. Na ukinijibu usinijibu kwa sauti, andika. Nataka kujua hili: akitokea kijana akashinda mkanda mmoja wa ile aliyoiacha, ukamkuta siku moja mlangoni mwa klabu yenu, utamwita bingwa, au utamuuliza kwanza alimpiga nani?

Wasalaam,
Mamako